SOMO: Kupiga picha za wateja chini ya maji bila kuua mradi wako mkubwa (Tanga)

Naulizwa lile lile kila mara: unapataje muda wa mradi wako mwenyewe wa picha wakati wateja wamekujaa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naliweka hapa lote.

1. Usipige peke yako. Kila anayezama awe na mtu wa kumwangalia yeye tu.

2. Kamera yoyote yenye kasha la kuzuia maji na lenzi pana inatosha. Maji hula rangi, nyekundu ikitangulia, kwa hiyo msogelee mtu, mita moja hivi.

3. Safisha mpira unaoziba kasha, upake grisi yake kidogo, kisha zamisha kasha tupu lenye tishu ndani. Tishu ikitoka kavu, weka kamera.

4. Wateja wa harusi, wajawazito na wasanii wapeleke bwawani. Patana na meneja wa hoteli, saa ambazo wageni hawaogelei. Bwawa halijui upepo wa kusi wala mvua za masika. Chukua nusu ya malipo mapema.

5. Gawa kalenda kwa mwezi wa angani. Hatua hii ndiyo somo lenyewe, na niliijua kwa hasara. Ukisema mradi utaufanya wateja wakipungua, hutaufanya. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo bahari yetu husafika, na ndiyo wageni hujaa. Shaaban ikiangukia humo, na harusi nazo zinamiminika. Ndani ya msimu huo siku za kweli ni za maji mafu, mwezi ukiwa nusu: tarehe 8 hadi 10 hivi ya mwezi mwandamo, na tena kuanzia 22. Maji hayapandi wala kushuka sana, mkondo hulegea, mchanga hutulia. Bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio umeandama, mkondo una nguvu na maji hutoka mikokoni na tope lake.

Siku hizo za maji mafu ziandike za mradi kabla msimu haujaanza, na usimuuzie mtu hata moja. Mradi wangu ni picha za kinamama wanaolima mwani wakiwa ndani ya maji. Bamvua wao wako shambani, maana ndipo maji hupwa mbali na mashamba hufunuka. Maji mafu wana nafasi, na maji ni meupe. Kalenda yao na yangu zimekubaliana, na mradi haukusonga mpaka nilipoliona hilo.

Angalieni sana hapa:
– Usipokee "mteja mmoja tu, nusu saa" siku ya mradi. Boti, msaidizi na jua zuri vyote huondoka naye.
– Usimpeleke mteja baharini ili uunganishe kazi mbili. Yeye anataka uso wake uonekane vizuri na arudi nyumbani. Mradi unataka kungoja. Utawakosa wote.
– Kianzio cha mteja kisinunue petroli ya mradi kabla hujampiga picha.

6. Vibali. Visiwa vya Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa 2009, na Maziwe kule Pangani ni eneo tengefu. Nenda ofisini mapema, useme wazi kwamba ni picha za kazi.

7. Kanga na shifoni zifungwe fundo la kufunguka kwa mkono mmoja. Usimfunge mtu uzito mwilini, hata akiomba.

MASWALI

Swali: Kamera gani nzuri ya bei poa?
Jibu: Hatua ya 2.

Swali: Mkuu, mimi wateja wangu wanataka bahari, na siku nilizopata ni za bamvua. Si nitapiga tu?
Jibu: Nimeeleza kwa nini usipige. Ukienda, usije kuniuliza mbona picha ni za kahawia.

Swali: Shikamoo dada. Je, wakati wa kusi hakuna kabisa mahali pa kupigia? Nawaza nyuma ya kisiwa cha Toten, upepo haufiki sana.
Jibu: Marahaba mdogo wangu, umewaza vizuri. Mawimbi utayakwepa, ila ghuba ina mikoko, na masika Mto Zigi unashusha matope upande wa Amboni. Kwa hiyo kusi mimi hufanya kazi za bwawani, huchambua picha za kaskazi na kuomba vibali. Ikikaribia matlai, upepo ukipoa kabla ya kaskazi kuingia, nenda ukajaribu mita mbili tatu tu, jua likiwa juu, kuanzia saa 4 asubuhi. Waulize wavuvi wa Raskazone usiku uliotangulia. Wanaijua rangi ya maji kuliko programu ya simu.

Swali: Mteja wangu anahema haraka haraka kabla ya kuzama ili akae zaidi. Ni sawa?
Jibu: Mkataze leo. Kuhema hivyo hupunguza kaboni daioksaidi, na hiyo ndiyo humlazimisha mtu kupanda juu. Ikipungua, anaweza kuzimia chini bila dalili yoyote. Apumue kawaida, avute pumzi moja, azame sekunde chache, apumzike juu kwa muda mrefu zaidi ya alivyozama.

Swali: Na wanja je? Wa mteja wangu ulimwagika wote.
Jibu: Tumia usioyeyuka majini, upakwe mapema ukauke kabisa. Mafuta ya uso yasitumike siku hiyo, ndiyo hufanya wanja uteleze. Klorini huwasha macho, kwa hiyo picha za macho wazi piga mwanzoni.