Kabla hujamshika mkono mgonjwa anayetetemeka

Madaktari vijana wanaokuja kujifunza kwangu huingia na nyundo ya goti mfukoni. Huwaambia waiweke chini kwanza. Nimechunguza ugonjwa wa Parkinson na magonjwa mengine ya mwendo kwa zaidi ya miaka 20, na kifaa ninachokitegemea kuliko vyote ni kiti kilichowekwa mbali na mlango.

Fungua mlango, simama kando, umtazame akikiendea. Mkono mmoja umening'inia tu wakati mwenzake unapepea? Akigeuka, anageuka mwili mzima, kwa hatua nyingi ndogondogo? James Parkinson alipoandika habari za ugonjwa huu, London, mwaka 1817, alieleza wagonjwa 6 tu, na baadhi yao alikutana nao njiani.

Akishakaa, mikono ilale mapajani. Mwambie ahesabu kutoka 100 kurudi nyuma, akipunguza 7 kila mara. Usimwangalie usoni. Mtetemeko wa Parkinson huupenda mkono uliopumzika, na hesabu huuchokoza: gumba na kidole cha shahada huanza kusuguana kama vinaviringisha kidonge, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kwa kawaida upande mmoja kwanza. Mkono unaotulia pajani kisha ukamwaga maji kikombe kinapokaribia mdomo, huo huenda una mtetemeko wa aina nyingine, ambao mara nyingi hurithiwa. Muulize kama baba au bibi yake naye alitetemeka hivyo.

Lakini mtetemeko peke yake usikudanganye. Bila wepesi wa mwili kupungua, hiyo si Parkinson. Mwombe agonganishe gumba na kidole cha shahada, haraka, akivipanua kadiri awezavyo, mara 10 au zaidi. Wengi hapa hutazama kasi tu. Tazama upana. Mara ya kwanza vidole hufunguka kama mdomo wa kifaranga mwenye njaa. Ya sita vimeshasinyaa. Ya kumi vinakaribia kugandana. Huko kusinyaa ndiko ninakokutafuta. Kisha mpe karatasi aandike sentensi ndefu, uone kama herufi zinazidi kuwa ndogo kuelekea mwisho wa mstari. Itie tarehe, uitunze.

Sasa mshike. Zungusha kifundo cha mkono polepole huku yeye akifumba na kufumbua kiganja cha pili. Ukakamavu uliojificha utajitokeza, ukikatikakatika kama gurudumu lenye meno.

Kisha dawa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimwandikia mama mmoja levodopa, dawa ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kwa miezi 6, nikimwongezea dozi kila aliporudi bila nafuu. Siku moja binti yake alikuja na mfuko wa plastiki, akaumwaga mezani: mama alikuwa akimeza metoklopramidi ya kichefuchefu kila siku kwa mwaka mzima. Dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali inayoongoza mwendo, isifanye kazi ubongoni, na mimi nilikuwa nikimimina dopamini mlango ukiwa umefungwa. Tuliiacha taratibu, na baada ya miezi kadhaa mkono ukatulia. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, hufanya vivyo hivyo. Tangu hapo siulizi "unatumia dawa gani?" Nasema, "Mwaga mfuko."

Akiwa kijana, chini ya miaka 40, pima madini ya shaba mwilini na umtazame machoni kama kuna pete ya rangi ya kahawia ukingoni mwa konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Ugonjwa wa Wilson, ambao shaba hujikusanya mwilini, unatibika, na ukipitwa nao hutajisamehe.

Usimwache mwenzi wake nje. Yeye ndiye anayejua kama mgonjwa hupiga mateke na kupayuka akiota. Mwenyewe huwa amelala. Ndoto za namna hiyo, pua kutosikia harufu, na choo kigumu huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi.

Ukitaka siku moja kufanya utafiti, mrekodi kwa video, kwa ruhusa yake, kwenye kiti kilekile, na uandike ni saa ngapi alimeza kidonge cha mwisho. Mgonjwa mmoja, dakika 60 baada ya levodopa na dakika chache kabla ya dozi inayofuata, anaweza kuonekana kama watu wawili. Kabatini mwangu nina kanda za miaka yangu ya mwanzo ambazo sikuziandikia saa. Huwa naziangalia, lakini sijui ninamwona yupi.