Namna ya Kulinganisha Majukumu ya Kijinsia ya Waigbo wa Jadi na ya Nchi za Magharibi za Leo

Insha za mada hii huharibika mapema, kwa sababu mwandishi huweka upande mmoja kijiji cha Waigbo, watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria, cha kabla ya ukoloni, na upande wa pili Stockholm ya mwaka huu, kisha akashangaa kwamba havifanani. Kabla ya kuandika chochote, chora jedwali lenye safu mbili, ya Waigbo wa jadi na ya Magharibi, na upange miaka. Uingereza, sheria iliyompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe ilipitishwa mwaka 1882. Ufaransa, mke aliruhusiwa kufungua akaunti ya benki na kuajiriwa bila idhini ya mumewe mwaka 1965, na Uswisi iliwapa wanawake kura ya taifa mwaka 1971. Mke wa Kiigbo wa karne ya 19 alikuwa akiuza mazao yake sokoni na kutumia mwenyewe faida yake. Ukisema "Magharibi", basi, taja nchi na taja mwaka.

Fanya vivyo hivyo kwa Waigbo, ambao hawakuwa na dola moja wala desturi moja. Katika mji wa Onitsha palikuwa na mfalme, Obi, na pembeni yake Omu, mwanamke aliyesimamia mambo ya soko. Katika mji wa Nnobi, ibada ya mungu wa kike Idemili iliambatana na cheo cha Ekwe kilichotwaliwa na wanawake. Vijiji vingine havikuwa na vyeo hivyo kabisa.

Baada ya hapo, liache swali la nani alikuwa huru zaidi, maana halijibiki, na uulize nani alishika nini: shamba, mali, watoto, na sauti katika maamuzi. Shambani, viazi vikuu vilikuwa zao la mwanamume na kipimo cha hadhi yake, ingawa wake ndio waliopalilia. Magimbi, mihogo na mboga vilikuwa vya wanawake. Ardhi ilirithiwa na wana wa kiume, na jambo hili lisifichwe kwa ajili ya kuipamba jadi.

Kwenye sauti ndipo panapohitaji aya ndefu. Mabinti wa ukoo, waitwao umuada, walirudi kutoka walikoolewa ili kuamua ugomvi na kusimamia mazishi, na wake wa kijiji walikuwa na baraza lao. Mwanamume aliyempiga mkewe kupita kiasi, au aliyeachia ng'ombe wake wale mazao ya wanawake, alijikuta amezingirwa usiku: wanawake walicheza na kuimba nyimbo za kumkashifu uani kwake, wakagonga kuta kwa michi ya kutwangia, na pengine wakabomoa paa, wala hawakuondoka hadi alipotubu. Mwishoni mwa mwaka 1929, huko Oloko, mtu aliyetumwa na chifu wa serikali kuhesabu watu na mifugo alimkuta mwanamke aitwaye Nwanyeruwa akishughulika na mawese; mabishano yao yalizaa hofu kwamba wanawake nao watatozwa kodi, na maelfu wakatumia silaha hiyohiyo ya nyimbo dhidi ya machifu. Askari wa Uingereza waliua wanawake zaidi ya 50. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeteua machifu karibu wote wanaume, kwa kuwa machoni pa maofisa wake siasa ilikuwa shughuli ya wanaume. Kwa hiyo kila chanzo kinachoeleza "desturi ya Waigbo" kikaguliwe: kiliandikwa lini, na aliyeulizwa alikuwa nani?

Sehemu inayopotosha wengi ni ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Mwanamke mwenye mali aliweza kumlipia mwanamke mwingine mahari, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa wa yule aliyelipa mahari na wa ukoo wake. Msomaji wa mkoa wa Mara, Tanzania, anayeijua nyumba ntobhu, ndoa ya namna hii kwa Wakurya, ataelewa haraka kwamba suala hapa ni urithi na kazi. Usiilinganishe na ndoa za jinsia moja zilizohalalishwa Ulaya na Marekani. Ilinganishe na sheria za urithi na za kuasili watoto, kwa kuwa hizo ndizo zilizofanya kazi inayofanana nayo.

Mwishoni ongeza safu ya tatu katika jedwali lako: Waigbo wa leo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Nigeria iliamua, katika kesi ya binti aliyedai sehemu ya mali ya baba yake aliyefariki Lagos mwaka 1981, kwamba desturi ya Waigbo ya kuwanyima mabinti urithi inapingana na katiba. Uamuzi huo haukai vizuri katika safu ya jadi wala ya Magharibi: mdai, marehemu na desturi yenyewe ni vya Waigbo, na katiba ni ya Nigeria.