Jinsi ya kuomba muda wa mashine katika kituo cha utafiti cha chuo kikuu

Hadubini ya elektroni ni ghali kununua na ghali zaidi kuitunza, kwa hiyo ni nadra idara moja kuibeba peke yake. Ndiyo maana wanafizikia, wanakemia na wahandisi huishia chini ya paa moja. Nchini Marekani mtindo huu ulipata msukumo mkubwa mwaka 1960, ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi, ilipoanza kufadhili maabara za pamoja za sayansi ya nyenzo katika vyuo vikuu vya Cornell, Pennsylvania na Northwestern. Mwaka 1972 maabara hizo zilikabidhiwa NSF, mfuko wa taifa wa sayansi. Kwako wewe mwombaji maana yake ni hii: mashine si ya idara yoyote, na mara nyingi hata mtu wa nje ya chuo anaruhusiwa kuiomba.

Usianze na fomu. Anza kwa kumwandikia mhandisi anayeiendesha mashine yenyewe. Mkurugenzi wa kituo atatia saini tu, lakini mhandisi ndiye anayejua kama sampuli yako itaingia, na maoni yake ndiyo kamati inayogawa muda wa mashine huyasikiliza. Mweleze swali lako, usimtajie mashine. Ukiandika "naomba kutumia hadubini ya elektroni kuchunguza sampuli zangu", hana la kukusaidia. Andika hivi: "Nataka kujua kama nyufa katika aloi hii ya alumini zinaanzia kwenye mipaka ya fuwele au kwenye vitundu vilivyobaki wakati wa kumimina. Vitundu vina upana wa mikromita 20 hivi." Hapo ataona mara moja kwamba unahitaji hadubini inayopitisha mwale juu ya uso wa sampuli, si ile inayopenyeza elektroni ndani yake na kuonyesha atomu. Hiyo ya pili hutaka kipande chembamba, kwa kawaida chini ya nanomita 100, na kukiandaa huweza kuchukua muda mrefu kuliko kukitazama. Barua pepe moja inaweza kukuokolea wiki nzima.

Sasa fomu. Sehemu ya maelezo binafsi haina shida. Sehemu ya sampuli ndiyo inayorudisha maombi mengi, na wala si kwa urasimu. Ndani ya hadubini kuna ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, hivyo kitu chenye maji au mafuta kitatoa mvuke na kuchafua chemba. Kama sampuli haipitishi umeme, elektroni zitajikusanya juu yake na picha itang'aa ovyo. Sema mapema kama inahitaji kupakwa tabaka la kaboni au dhahabu la nanomita chache. Kama ni unga wenye usumaku, litamke hilo waziwazi, kwa sababu lenzi za mashine ni sumaku na zinaweza kuuvuta unga ukakwama ndani. Andika ukubwa, hali, na kila kemikali iliyoigusa sampuli.

Kwa chumba safi, yaani chumba kinachochujwa vumbi ambamo vifaa vidogo vya kielektroniki hutengenezwa, masharti yanabana zaidi. Usishangae ukiulizwa kama kisahani chako cha silikoni, kile kipande chembamba ambacho vifaa hivyo hujengwa juu yake, kimewahi kukaribiana na dhahabu. Dhahabu husambaa haraka ndani ya silikoni yenye joto na kuharibu utendaji wa transista, kwa hiyo kisahani kimoja kilichochafuka kinaweza kuharibu tanuri linalotumiwa na watu wengine wote. Ukificha, hutaharibu kazi yako peke yako.

Kwenye saa unazoomba, tenga mafunzo, maandalizi ya sampuli na vipimo vyenyewe. Kamati huamini zaidi hesabu iliyochambuliwa ("sampuli sita, kila moja saa moja na nusu, pamoja na saa mbili za kurekebisha mashine") kuliko ombi la "siku tatu". Ongeza kidogo kwa ajili ya kurudia kipimo, lakini usijaze saa za bure: mwenye ratiba atazigundua.

Kisha ambatisha barua ya msimamizi wako na namba ya akaunti ya mradi utakaolipia. Hakikisha mradi huo haumaliziki kabla ya tarehe unazoomba.

Mafunzo ya usalama yanafanyika kabla ya kukabidhiwa kadi ya kuingia, na cheti cha kituo kingine mara nyingi hakitoshi. Usiyachukulie kama kero. Lita moja ya nitrojeni kimiminika ikichemka hugeuka karibu lita 700 za gesi, na katika chumba kidogo gesi hiyo inaweza kufukuza oksijeni bila harufu wala onyo. Asidi ya hidrofloriki nayo inaweza kuchoma bila maumivu ya haraka huku ikipenya hadi kwenye mfupa. Ukipangiwa kuitumia, uliza jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya huduma ya kwanza kwa majeraha ya asidi hiyo, imewekwa wapi kabla hujafungua chupa.

Jibu likija ni "rekebisha", jibu kila hoja kwa mpangilio ulioletwa na usiandike ombi upya. Likikubaliwa, soma kanuni ya kufuta nafasi, kwani vituo vingi hukutoza saa usizozitumia bila kutoa taarifa. Nakili data siku hiyohiyo, maana kompyuta ya mashine husafishwa mara kwa mara. Na uulize mapema maneno ambayo kituo kinataka yaandikwe kwenye sehemu ya shukrani ya makala yako, pamoja na namba ya ruzuku. Wafadhili huyahesabu wanapoamua kama mashine hiyo itaendelea kufadhiliwa.