Somo: Disleksia, kutoka kwenye utafiti hadi ubaoni

Walimu wenzangu, habari za kazi. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliueleza usomaji kwa hesabu fupi: kuelewa unachosoma ni zao la kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Wanazidisha, hawajumlishi. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno, mara nyingi lugha anayo. Anapokwama ni kwenye kuunganisha herufi na sauti, basi tusimwite mvivu.

Hatua ya 1: Mpime
Msomee kifungu umuulize maswali, kisha asome mwenyewe kingine cha kiwango hichohicho. Akielewa cha kusikia na kushindwa cha kusoma, umeshajua pa kuanzia. Mpe pia maneno ya kubuni, kama "tabeko" na "dolimu". Kipimo hiki nakithamini kuliko vyote, maana maneno hayo hakuna aliyeyakariri.

Hatua ya 2: Chezesha sauti, ukiwa na herufi mkononi
"Sema paka. Toa /p/, weka /k/." Kaka! Ripoti ya jopo la kitaifa la usomaji la Marekani ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba mazoezi ya sauti huzaa zaidi yakiambatana na herufi.

Hatua ya 3: Fuata mpangilio
Anza na herufi chache, kama a, i, u, m, k, t, na uunde maneno papo hapo: mama, kata, kuku. Ng', mbw na ndw zisubiri. Nisisitize hapa: darasa zima likiimba "ba be bi bo bu", mtoto anaweza kuimba bila kuangalia hata herufi moja. Vuruga mpangilio: bo, ba, bu. Hapo utamjua anayesoma. Rudia kidogo kidogo kila siku.

Hatua ya 4: Imla
Alichosoma leo, akiandike leo.

MASWALI YA WALIMU

Swali: Mwalimu, mwanafunzi wangu anageuza b na d. Ni disleksia?
Jibu: Si lazima, wengi wanaoanza hugeuza. Fundisha b mpaka ikae, ndipo ulete d.

Swali: Na karatasi za rangi za kuwekea juu ya maandishi?
Jibu: Hakuna ushahidi thabiti kwamba zinatibu disleksia. Muda huo mpe mazoezi ya sauti na herufi.

Swali: Wangu hakosei neno, ila anasoma polepole mno. Nimwache?
Jibu: Usimwache, ndugu yangu. Katika lugha zinazoandikwa karibu kama zinavyotamkwa, kama Kiitaliano na Kijerumani, disleksia huonekana zaidi kwenye kasi kuliko kwenye makosa, na Kiswahili nacho huandikwa hivyo. Ukihesabu makosa peke yake, mtoto huyu atakupita. Pima muda wake, mpe kifungu kifupi akirudie kwa sauti mara kadhaa ukimsahihisha, na kwenye mtihani wa sayansi mwongezee muda au msomee maswali.