Kuandaa Bango la Utafiti wa RNA kwa Ajili ya Kongamano
Mtafiti wa Mbeya anayekwenda kwenye kongamano la usomaji wa RNA, yaani molekuli zinazobeba ujumbe wa jeni ndani ya seli, aanzie shambani. Majani ya viazi mviringo kutoka Uyole yachumwe yote kwa saa ileile, kwa kuwa utendaji wa jeni hubadilika kati ya asubuhi na jioni, kisha yagandishwe papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, maana vimeng'enya vinavyokata RNA vimo hata kwenye vidole vyetu. Kwenye bango, taja idadi ya mimea kwa kila hali unayolinganisha. Isipungue mitatu, na sampuli moja iliyosomwa mara tatu haihesabiwi kuwa mimea mitatu, hata kama ripoti itapendeza. Onesha pia alama ya ubora wa RNA, inayoanzia 1 hadi 10.