Shambulio lenye kemikali Dar es Salaam: mambo ya kuzingatia kabla

Mpango uanzie kwenye geti la hospitali. Mipango mingi ya dharura huanzia eneo la tukio: zimamoto wamefika, utepe umefungwa, majeruhi wanapangwa mstari. Dar haiendi hivyo. Likitokea la kutokea, watu wanajipakia kwenye bajaji na bodaboda na kukimbilia hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala kabla gari la wagonjwa halijawashwa. Tokyo nako ilikuwa vilevile tarehe 20 Machi 1995, sarini, sumu ya kushambulia neva, ilipomwagwa ndani ya treni za chini ya ardhi. Wengi walijifikisha hospitali kwa miguu na teksi wakiwa na nguo zilezile, na baadhi ya wahudumu waliowapokea wakaanza nao kuumwa macho na kuona kiza.

Kwa hiyo kila hospitali iamue mapema geti lipi litafungwa, nani atasimama kwenye lile la wazi akiwa amevaa kinga, na mpira wa maji utavutwa kutoka wapi siku mabomba yamekauka. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya kemikali iliyomwagikia mtu. Maji mengi na sabuni humalizia. Ila nani atavua nguo hadharani pale Ilala? Wekeni mapazia, wanawake upande wao na wanaume wao, na khanga za kutosha za kujifunga baada ya kuoga. Msiione hiyo kama anasa. Pasipo stara watu watagoma, kisha watapenya hadi wodini na sumu yao. Nguo zilizovuliwa zifungwe kwenye mifuko yenye namba, maana kwa polisi huo ni ushahidi.

Eneo la tukio lenyewe lina wakubwa wengi. Zimamoto na Uokoaji wanapigiwa 114, Polisi 112, na kila chombo kina bosi wake. Kubalianeni kwa maandishi nani ana neno la mwisho wakati wa kuokoa watu, na nani anashika usukani uchunguzi ukianza. Makamanda wasimame pamoja, upepo ukiwapiga mgongoni. Magari mengine yasubiri mbali, kwani washambuliaji wamewahi kutega bomu la pili kwa ajili ya waokoaji. Bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11 hapa jijini, lilikuwa la mlipuko tu. Lijalo huenda lisiwe hivyo, na kwa macho hutajua. Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye wa kupima kemikali, Tume ya Nguvu za Atomu ni ya mionzi. Chukueni namba ya afisa wa zamu, ya mapokezi haitapokelewa saa nane usiku.

Upepo waulizeni wavuvi wa Feri. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, moshi ulioanzia Kurasini utaelekea Keko na Ilala. Kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, ikishika, utakwenda Temeke na Mtoni. Njia moja ya kuhamisha watu haiwezi kutumika mwaka mzima. Gesi ya klorini nayo ni nzito kuliko hewa, hutambaa mabondeni, basi msiwakusanye watu kwenye bonde la Jangwani.

Zoezi la Jumapili asubuhi halipimi kitu. Lifanyeni siku ya kazi jioni, foleni ikiwa imeshona Ubungo, muone kama njia ya mwendokasi itafunguliwa kweli kwa magari ya wagonjwa. Majeruhi wa kuigiza, nusu yao wajiendee hospitali wenyewe bila taarifa.