SOMO: Kukagua na kusafisha ploti ya biashara iliyolowa mafuta au kemikali

Salamu kwenu nyote. Ploti za Nairobi, kama zile za Industrial Area, Kariobangi na kando ya Outering, zinauzwa kila wiki, na nyingi ziliwahi kuwa gereji, kituo cha mafuta au karakana ya betri. Bei inavutia, hati miliki ni safi, wakili ameridhika. Lakini hati haisemi lolote kuhusu kilichozama ardhini. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inataka mchafuzi ndiye alipe. Shida ni kwamba mchafuzi anaweza kuwa alifunga kampuni zamani, na wewe ndiye umebaki na ploti, wapangaji na kisima. Kwa hiyo fanya haya kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya 1: Tafuta historia

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana hakuna kipimo cha maabara kilicho rahisi kama swali zuri. Pekua wamiliki waliotangulia kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni. Tazama picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth, mwaka baada ya mwaka, uone paa lipi liliongezwa na uwanja upi ulikuwa mweusi. Kisha nenda ukaongee na watu: mlinzi wa siku nyingi, mama wa kibanda cha chai, fundi aliyehamia ng'ambo ya barabara. Waulize matangi yalifukiwa wapi, na kama yaliwahi kutolewa. Oili chafu ilikuwa inamwagwa wapi? Je, moto uliwahi kutokea? Jirani wa upande wa juu anafanya kazi gani? Kama palikuwa kituo cha mafuta kabla ya 2006, kumbuka kwamba petroli ya enzi hizo ilikuwa na risasi, yaani ile metali yenye sumu iitwayo lead.

Hatua ya 2: Tembea ploti yote

Angalia mabomba ya hewa yanayopanda ukutani bila sababu, viraka vya saruji mpya, shimo la fundi la kukagulia magari, mahali majani yanagoma kuota. Tazama paa kama ni la asbesto. Transfoma kuukuu iliyovuja nayo ni ya kuandikwa. Fuata mtaro mpaka unapoishia; Industrial Area mingi huelekea Mto Ngong. Usidharau mitaro. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilipita mtaroni hadi mtaa wa mabanda wa Sinai ikashika moto, na watu wapatao mia moja wakafa.

Usipoona dalili, na historia ikawa safi, unaweza kuishia hapa. Ukiona hata moja, endelea.

Hatua ya 3: Chukua sampuli

Ajiri mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na umpe majibu ya hatua mbili za kwanza ili achimbe palipo na maana. Mashimo yakae karibu na matangi, chini ya mabomba, kando ya shimo la fundi na mwisho wa mtaro. Moja lichimbwe mahali safi, la kulinganishia.

Mtu atakuambia udongo mweusi wa Embakasi haupitishi kitu. Usikubali. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ndefu, na petroli hushuka humo moja kwa moja.

Udongo wa kupima petroli utiwe kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi mdomoni, ifungwe papo hapo na kuwekwa kwenye barafu. Ukiubeba kwenye mfuko wa plastiki, mvuke utatoroka na maabara itakupa majibu mazuri ya uongo. Maji ya chini yakipatikana, yanahitajika mashimo matatu au zaidi, yasiwe kwenye mstari mmoja, ndipo ujue maji yanaelekea wapi.

Hatua ya 4: Safisha, kisha pima tena

Dizeli na oili huliwa na bakteria: udongo hufukuliwa, hurundikwa juu ya karatasi nzito ya plastiki, huongezwa samadi na maji kiasi, na hugeuzwageuzwa upate hewa. Risasi hailiwi na kiumbe yeyote. Ama uiondoe, ama uifunike isimfikie mtu. Udongo unaotoka ubebwe na lori lenye leseni ya NEMA, pamoja na hati ya kufuatilia taka. Anayekuahidi "kukumalizia" usiku anakuongezea kesi. Shimo lisifukiwe kabla sakafu na kuta zake hazijapimwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, pua haitoshi? Mimi petroli naisikia mbali.
Haitoshi, ndugu. Pua huzoea harufu baada ya muda mfupi, na risasi hainuki kabisa. Zaidi ya hayo, ukisikia petroli ndani ya shimo, toka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hukaa chini ukisubiri cheche.

Muuzaji anakataa nichimbe kabla ya kulipa. Nifanyeje?
Mwambie wakili aweke kwenye mkataba kwamba mauzo yatakamilika baada ya majibu ya maabara, na amana irudi yakiwa mabaya. Akikataa hata hilo, mimi ningeiacha ploti hiyo.

Jirani yangu wa juu ana kituo cha mafuta, na kisima changu kimeanza kuwa na utando wa rangi rangi. Nichemshe maji?
Hapana, dada. Kuchemsha huua vijidudu, mafuta hayaondoki hivyo, na mvuke utajaa jikoni. Acha kuyanywa na kupikia leo. Peleka sampuli maabara, kisha uandikie NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ukiambatanisha majibu.

Nataka kufungua shule ya chekechea palipokuwa na karakana ya betri. Tumeshamwaga zege uwanjani.
Zege ni sawa mahali lilipo, likiwa halina ufa. Watoto huathirika na vumbi la juu: bustanini, chini ya dirisha, kando ya ukuta ambapo hapakufunikwa. Mnajua ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Pima udongo wote ulio wazi na vumbi la ndani ya madarasa kabla ya kusajili mtoto wa kwanza. Risasi ikipatikana, hiyo nyumba ikodishe kwa kazi nyingine hadi isafishwe, na chekechea itafutiwe mahali pengine.